Muhuri Kwenye Ukurasa wa Jehanamu

Siku yangu ya kwanza kazini, katika maktaba ya mkoa mjini Shinyanga, sikupewa kitabu. Nilipewa muhuri. Mkutubi wa Mkoa, mwanamume mfupi aliyevaa tai hata siku za joto la kukausha mate, alinikalisha mbele ya rundo la vitabu vipya, akanisogezea pedi ya wino wa zambarau, akaniagiza nigonge kwenye ukurasa wa jina, ukurasa wa mwisho, na ukurasa mmoja wa katikati ambao mwizi hatakumbuka kuuchana. Hadi saa tisa alasiri vidole vyangu vilikuwa zambarau na mgongo umekufa ganzi.

"Karatasi isiyo na muhuri ni ya upepo," aliniambia akikagua kazi yangu. "Yenye muhuri ni ya serikali. Kwa hiyo usigonge mahali ambapo hutaki serikali isimame."

Nilimcheka kimoyomoyo. Nilikuwa binti wa miaka ishirini na miwili, nimetoka kijijini nikidhani maktaba ni mahali pa kukaa kivulini na kusoma hadithi. Miaka thelathini na ushei baadaye, machimboni Geita, niligonga muhuri huo mahali pasipostahili, na kwa sababu yangu bibi mmoja asiyejua hata kusoma nusura auawe. Sasa nimestaafu. Vijana mnaosomea ukutubi kwa kompyuta mnaniuliza kazi ilikuwaje enzi zetu. Nitawaeleza, lakini nitawaeleza na hilo pia, maana bila hilo nitakuwa nawapigia porojo.

Kazi ilikuwa ya mikono. Kitabu kikiingia kilisajiliwa kwanza, yaani kiliandikwa kwenye daftari kubwa na kupewa namba yake isiyorudiwa, kama ng'ombe anavyotiwa chapa. Kisha kiliainishwa: kilipewa namba ya somo lake, ili ijulikane kitakaa rafu gani na majirani gani. Mwisho kilitengenezewa kadi tatu, ya mtunzi, ya jina na ya somo, zikaingizwa kwenye droo ndefu za mbao. Nilizipenda droo zile kuliko wanaume wote walioleta posa nyumbani, na mume wangu, Baba Kabula, aliishi na hilo kwa uvumilivu.

Mwaka wangu wa pili yalikuja maboksi ya vitabu kutoka nyumba moja ya mapadre iliyokuwa ikifungwa. Mle mlikuwa na utenzi mnene, uliotungwa ng'ambo karne nyingi zilizopita na kutiwa katika Kiswahili na padre mmoja mzee aliyekwisha kufa. Jina la kitabu silitaji. Ni habari ya mtu aliye hai anayeshuka jehanamu kwa miguu, tabaka baada ya tabaka, na kila tabaka anawakuta watu wa mji wake mwenyewe, anawataja kwa majina na kusema walitenda nini. Kiswahili cha padre kilikuwa kigumu kama mtama usiokobolewa. Kwenye jalada palichorwa shimo kubwa lenye vidato vinavyoteremka mpaka gizani.

Nilikiandikia namba ya dini. Mkutubi wa Mkoa akaifuta kwa raba, akaandika ya ushairi. "Ukikiweka kwenye dini watu watakiamini," alisema. "Acha kikae na mashairi, wakiogope kidogo tu."

Haikuwa kidogo. Tulikuwa na utaratibu wa Daftari la Maoni: kila arudishaye kitabu aliandika mstari mmoja au miwili ya alichokiona humo, na badala ya jina lake akaweka namba yake ya msomaji. Jina lilibaki kwenye rejesta yetu iliyofungiwa kabatini. Msomaji ni siri ya mkutubi, ndivyo tulivyofundishwa, na nilikuwa tayari kupigwa kuliko kuitoa siri hiyo. Basi utenzi ule, kila ulipotoka, ulirudi na maoni ya kunifanya nikae kitako. Mwalimu mmoja wa sekondari aliandika kwamba ameshindwa ukurasa wa arobaini, na kwamba hata kwa kurasa hizo chache hakulala vizuri. Mchungaji mmoja aliandika kwamba mtunzi hana huruma, kisha akakiazima mara ya pili na ya tatu. Mama mmoja mfanyabiashara wa vitenge alikirudisha siku ya pili, kimefungwa ndani ya kanga, hakutaka hata kuandika. Alinieleza tu kwamba hawezi kukilaza nyumba moja na watoto wake.

Baadaye nilipangiwa kupeleka vitabu wodini, hospitali ya Kolandoto, kwa kigari cha kusukuma. Huko mgonjwa mmoja, mwalimu mstaafu mwenye akili nyingi na kifua kibovu, alikisoma chote kwa mwezi mmoja. Alikuwa akimaliza kurasa zake za siku, anamwomba nesi akiweke nje ya dirisha, juu ya kizingiti. Nilipomuuliza anaogopa nini, mtu mzima kama yeye, alinijibu kwamba hakuogopa moto. Aliogopa jinsi mtunzi alivyokuwa na uhakika. Nililiandika jibu lile daftarini kwa niaba yake, kwa kuwa mkono wake ulikuwa ukitetemeka, na nikaendelea na kigari changu kitanda cha pili. Laiti ningekaa nikalifikiri.

Miaka ya mwisho ya kazi nilihamishiwa Geita, tawi dogo lililokuwa Katoro, chumba kimoja katikati ya maduka ya simu na vijiwe vya bodaboda. Kazi kubwa haikuwa pale bali kwenye maktaba ya kuzunguka: sanduku la bati lenye vitabu sitini, linapakiwa kwenye bajaji ya mizigo na kupelekwa kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo, kila kambi siku yake. Mkuu wangu wakati huo alikuwa Mratibu wa Huduma za Kuzunguka, kijana wa umri wa Kabula wangu, mwenye kishikwambi na haraka. Aliniamkia kwa adabu zote, shikamoo mama, halafu akaniamrisha. Alitaka tusiishie kuazimisha. Alitaka tusome kwa sauti, na mwisho wa kila usomaji tuulize swali moja la kukileta kitabu nyumbani, kisha majibu yaandikwe daftarini na kila ukurasa ugongwe muhuri na tarehe, apate ushahidi kwamba kazi imefanyika. Sikuona ubaya. Kwa vitabu vya kilimo cha alizeti swali lile lilifanya kazi vizuri sana.

Kambi ninayoisimulia siitaji jina, kwa sababu mtakayoiona mbele. Nilikwenda huko kila Alhamisi. Wachimbaji walipotoka shimoni, ambalo wao huliita duara, walikusanyika kwenye banda la Bibi Milembe, mjane wa miaka sabini na kitu aliyewauzia uji wa mtama na viazi. Alikuwa Msukuma wa maneno machache na mkono mpana. Aliniita ng'wanawane, mwanangu, na kila nilipofika alinifutia kiti kwa ncha ya kanga yake. Kupikia kuni bandani miaka yote ile kulikuwa kumempa macho mekundu yasiyokauka machozi. Aliyezaliwa kwetu hahitaji kuelezwa macho mekundu ya mwanamke mzee yamewaletea nini wengine; asiyezaliwa kwetu ajue tu kwamba kwa macho hayo wameitwa wachawi, wakauawa kwa mapanga. Mimi niliyajua hayo tangu utotoni, na bado sikuyakumbuka siku niliyopaswa kuyakumbuka.

Utenzi ule, uliofika Katoro pamoja na vitabu vilivyopunguzwa Shinyanga, niliuchukua kujaza sanduku tu, kwa kuwa ulikuwa mnene na sanduku lilikuwa na nafasi. Juma, mwendesha karasha, yaani mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, ndiye aliyeuona kwanza. Aliitazama picha ya jalada, akawaita wenzake. "Njooni muone duara la Wazungu," alisema, "na hawajaweka tegemeo hata moja."

Sijawahi kupata wasomaji kama wale. Maneno yaliyowashinda walimu wa mjini wao waliyapita kama si kitu, maana habari ya kushuka walikuwa wakiijua kwa miili yao. Maswali yao yalikuwa ya kazi. Walitaka kujua hewa ilimfikiaje yule mtu kule chini, na nani aliyemshikia kamba. Walitaka kujua kama mtu aliyekaa siku nyingi hivyo chini ya ardhi alipotoka alitazama jua moja kwa moja au alifunikwa macho kwanza. Nilipofika matabaka ya kati, wawili waliacha bakuli zao wakaenda kukaa nje, na kesho yake, niliambiwa, wanne hawakushuka kazini mpaka mwenye duara alipowafuata. Juma alisikiliza yote, ila aliniambia waziwazi kwamba yeye kama Mwislamu anayo maelezo ya Jahannam ya kumtosha, na katika maelezo hayo hakuna binadamu anayepewa kazi ya kumpangia mwenzake chumba.

Hata Mzee Ngassa alikuja. Huyu alikuwa mpiga matimba, fundi wa kukata magogo na kuyasimika shimoni ili ardhi isiporomoke. Ujanani alikuwa manju, mtunzi na kiongozi wa nyimbo katika mashindano ya ngoma, yale ambayo makundi mawili huimbana mbele ya umati mpaka moja lizidiwe. Alikaa nyuma na shoka lake, akasikiliza jinsi mtunzi anavyowataja watu wa mji wake mmoja baada ya mwingine. Nilipomaliza aliuliza kama wale waliotajwa walipewa nafasi ya kujibu. Nilimwambia hapana, walikuwa wamekwisha kufa. Alitikisa kichwa, akasema huyo manju alikuwa mwoga.

Ndipo nikauliza swali langu la kukileta kitabu nyumbani. Niliuliza hivi: kama mtunzi angeishi hapa kwetu, angemkuta nani huko chini, na tabaka gani?

Walicheka. Daftari likazunguka kutoka bakuli hadi bakuli. Mwanzoni waliandika mafungu ya watu, wezi wa mawe na madalali wenye mizani ya uongo. Kisha yakaanza majina. Mtu aliyeitwa Shija, kijana mpole wa kufungia winchi mizigo ya mawe kule shimoni, aliyekuwa akimaliza sahani tatu za viazi bila kupumzika, rafiki yake alimwandika tabaka la walafi, na Shija mwenyewe alicheka kuliko wote. Bibi Milembe alikuwa akipita katikati yao akiwaongezea uji. Juma alilipitisha daftari bila kuigusa kalamu. Lilirudi kwangu likiwa limejaa ukurasa mzima, na mimi nilifurahi. Naliandika hili kwa aibu. Nilifurahi kwamba utenzi ule mgumu, baada ya kukaa rafuni miaka yote, umepata watu wa kuuchangamkia. Sikuusoma ukurasa hadi mwisho. Nikatoa pedi ya zambarau, nikagonga muhuri na tarehe kama nilivyoagizwa, na nikamwachia mmoja wao aupige picha kwa simu kwa ajili ya wale waliokuwa zamu.

Siku ya Jumanne duara la akina Shija liliporomoka. Wenzake wawili walitolewa wazima. Shija alitolewa baadaye, amekufa.

Habari hizo sikuzipata hadi Alhamisi. Nilikuwa njiani na sanduku langu pale dereva wa bajaji alipopunguza mwendo, akanionyesha simu yake, akauliza kama karatasi ile si ya ofisini kwetu, maana ina muhuri. Ilikuwa picha ya ukurasa wangu. Jina la Shija lilikuwa limezungushiwa mstari mwekundu. Na chini kabisa, kwenye tabaka la mwisho ambalo sikulisoma siku ile, palikuwa na namba ya msomaji na maneno matatu tu. Bibi Milembe, macho.

Dereva hakujua nilichokiona, akaendelea kunieleza yanayosemwa mitandaoni na vijiweni. Orodha ni ya kweli, kwa kuwa aliyeandikwa amekufa. Na anayekaa tabaka la chini kabisa ndiye anayewavuta wengine waje. Na si maneno ya walevi, ni ya serikali, muhuri huo hapo.

Banda lilikuwa kimya. Sufuria la uji lilikuwa limejaa mpaka ukingoni, limefanya utando juu, na mabenchi hayana mtu. Wachimbaji walikuwa wamesimama mbali karibu na winchi, na nilipowaamkia, walionijibu walijibu wakitazama chini. Kwenye mlango wa Bibi Milembe mtu alikuwa amegongomea msumari ukurasa wangu uliochapishwa kwenye karatasi ya rangi, muhuri unaonekana wazi kuliko hata majina. Yeye alikuwa amekaa ndani, mikono mapajani.

"Mwadila, ng'wanawane," alinisalimu. "Kuna karatasi wameniwekea. Nimewauliza imesema nini, wote hawajui kusoma leo."

Naomba mnielewe: nilisoma kwa sauti maisha yangu yote, na siku ile sikuweza kumsomea mwanamke yule maneno matatu. Nilimwambia afunge kanga zake.

Nilipiga simu polisi, wakasema gari lingefika usiku. Usiku ulikuwa mbali mno. Nilimpigia Mratibu, naye kwa sauti ya kuogopa aliniagiza nilete daftari ofisini kamati ilikalie. Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, mtu mzima mwenye wajukuu, nikamwomba awakusanye watu awaambie karatasi ile ni mchezo. Aliutazama muhuri muda mrefu. Kisha akaniambia kwamba serikali ikishaandika yeye ni nani hata afute, na kwamba kuna vijana wamekunywa tangu asubuhi, na kwamba mimi ningefanya vizuri kuondoka mapema. Alisema yote hayo akiwa ameshika komeo la mlango wake.

Mzee Ngassa alikuwa akichonga gogo nyuma ya karasha. Nilimwamkia, nikamwambia nitalichana daftari mbele ya watu wote. Hakuacha kuchonga.

"Jina likishaimbwa, mayu, halifutwi," alisema, akiniita mama kwa Kisukuma. "Sisi ngomani tukitajwa hatukuomba tufutwe. Wimbo una mwenyewe. Tunamtafuta mwenye wimbo, tunamtia yeye humo, watu wanamtazama yeye. Huu wimbo ni wa nani?"

Niliitafuta rejesta kichwani. Aliyeandika maneno yale matatu nilimjua kwa mwandiko na kwa namba. Namjua mpaka leo, na sitamtaja, wala siku ile sikumtaja, ingawa kumtaja kungenirahisishia. Msomaji ni siri. Na zaidi ya hapo, yeye aliandika mstari mmoja. Aliyeuliza swali ni mimi, aliyegonga muhuri ni mimi.

"Ni wangu," nilisema.

"Basi unajua la kufanya," alijibu, na safari hii akaliweka shoka chini.

Ilikuwa saa kumi, zamu zinabadilishana, kambi nzima iko juu. Nilipanda kwenye lile sanduku langu la bati kwa sababu mimi ni mfupi na nilitaka kitu kigumu chini yangu. Niliona panga mbili, na sikutaka kuona ngapi zaidi. Nilifungua ukurasa mpya wa daftari, nikaandika mbele yao, kisha nikasoma nilichoandika kwa sauti ile ile niliyowasomea utenzi.

"Tabaka la mwisho kabisa. Mama Kabula, mkutubi. Alikusanya majina ya watu waliokuwa wakinywa uji pamoja, akayagongea muhuri wa serikali. Na Shija alipokufa, alitaka lawama imwangukie aliyempikia."

Nikatoa pedi, nikagonga muhuri, nikaandika tarehe. Mtu mmoja nisiyemjua alisogea, akauliza kama huo ni muhuri ule ule. Nikampa daftari. Aliulinganisha na ule wa kwenye simu yake, herufi kwa herufi, kama mtu anayekagua noti. Kisha akaupiga picha. Wengine wakainua simu zao pia. Nilijua wanachokifanya na sikuwazuia. Nilikuwa nikiliona jina langu likiondoka mikononi mwangu, na niliingiwa na hofu ambayo sikuwahi kuijua, si wakati wa kujifungua, si wakati wa kumzika Baba Kabula.

Ndipo Mzee Ngassa akaja akasimama kando ya sanduku.

"Mwandike na Ngassa," alisema. "Andika: aliliona gogo la duara lile limepasuka, wiki mbili kabla. Akamwambia mwenye duara, mwenye duara akasema kesho. Ngassa akanyamaza, na watoto wakashuka."

Niliandika, nikagonga. Mwanamke mmoja, nadhani dada yake Shija, alianza kulia kilio cha wazi. Kilio kile kilifanya ambacho mimi nisingeweza. Macho ya watu yaliondoka kwenye banda yakageukia shimoni, kisha yakaanza kumtafuta mwenye duara, ambaye hakuwepo. Juma alipita katikati ya watu wote, akaingia bandani, akatoka na sufuria la Bibi Milembe kichwani na mkeka kwapani, akavipakia kwenye bajaji. Bibi alimfuata. Hapakuwa na aliyemgusa. Hapakuwa na aliyemuaga pia, watu ambao alikuwa amewalisha miaka kumi na zaidi. Njia nzima hadi Katoro sikugeuza shingo, kwa kuogopa kwamba nikitazama nyuma nitaona pikipiki.

Kamati ilikaa. Niliandikiwa barua ya onyo kwa kutumia muhuri wa ofisi kinyume cha madhumuni, na barua yenyewe ilikuwa na muhuri. Mratibu hakuandikiwa chochote, ingawa alikuja nyumbani siku moja akakaa sebuleni, akanywa chai, akaniamkia tena wakati wa kuondoka kana kwamba ndiyo kwanza anafika. Nilistaafu mwaka uliofuata. Utenzi ule niliuombea kibali cha kuufuta kwenye daftari la usajili, wakanipa, na uko kwangu sasa, kwenye kabati la vyombo.

Mnauliza nimejifunza nini. Nimejifunza kwamba swali la kukileta kitabu nyumbani laweza kukileta kweli. Kuna vitabu ambavyo kazi ya mkutubi ni kuvizuia mlangoni kidogo, avisemee kwanza, amwambie msomaji kwamba mtu huyu alikuwa na uchungu wake na watu wake, usiazime na uchungu. Mwalimu wa Kolandoto aliniambia yote hayo kwa sentensi moja nikaendelea kusukuma kigari. Na kuhusu muhuri, yule mkuu wangu wa tai alikuwa amenieleza siku ya kwanza, saa tisa alasiri.

Picha ya ukurasa wangu bado inazunguka. Kabula aliiona kwenye kundi la simu la watu wasionifahamu kabisa, imeandikwa juu yake kwamba mama huyu akionekana itolewe taarifa. Sifungui mlango kwa mtu asiyejitaja jina. Sokoni nikisikia mtu akisema mkutubi, nyanya zinanitoka mkononi.

Bibi Milembe anaishi nami hapa Shinyanga. Tunapikia gesi. Macho yake yalichukua kama mwaka, kisha wekundu ukaisha kabisa, na siku alipojiona kwenye kioo alisimama hapo mpaka chakula kikapoa. Maneno yale matatu ya mlangoni nilimsomea hatimaye, na baada ya siku chache aliniomba nimsomee utenzi ule wote. Nilikataa. Akasema anayo haki ya kujua walimpeleka wapi.

Nilimsomea kila asubuhi baada ya chai, kwa wiki saba. Mara moja tu alinikatiza, kuniuliza kama aliyemwandika alikuwa akipenda uji wa mtama mtupu au wenye ndimu. Nilimwambia siwezi kusema, ni siri ya kazi. Akaguna, akaniambia niendelee. Tulipofika tabaka la mwisho yeye akasogeza kiti karibu, akanipa maji, akasikiliza hadi neno la mwisho akiwa amefumba macho.

Kisha akauliza kama lile daftari la maoni bado ninalo. Ninalo jingine, jipya, nililonunua sijui kwa nini. Nikalileta na kalamu.

"Andika," alisema. "Andika kwamba nimesikiliza mpaka chini kabisa, na sikujiona."

Niliandika hivyo hivyo. Pa namba ya msomaji nikapaacha wazi, na muhuri sikugonga. Bibi akainuka, akaenda kuhakikisha kama mlango nimeufunga.